Mlezi aliyeikataa televisheni ya bure

Saa kumi na mbili asubuhi, jua bado halijavuka mapaa ya bati, na mlango wa nyumba hii ya vyumba viwili umeshagongwa mara kadhaa. Anayeufungua ni mwanamke mfupi, mnene kiasi, kitenge kimefungwa imara kiunoni. Sauti yake inatangulia kutoka nje kabla uso haujaonekana.

"Mlete huyo. Uji amekunywa?"

Mama kijana aliyevaa sare ya ulinzi anamkabidhi mtoto wa kiume anayelia kwa nguvu zote. Kisha anachomoa simu kwenye mkoba. "Akikusumbua mpe hii. Nimeshamwekea katuni."

Mlezi anampokea mtoto, simu anairudisha. "Hii nenda nayo, mwanangu. Utanipigia mchana kuniuliza anaendeleaje. Kulia, mwache alie. Hajamaliza, nitakuwa nimeshampa kazi."

Na kazi anampa. Muda si mrefu mtoto yule amesimama uani kando ya kamba ya nguo, machozi hayajakauka shavuni, anashika kopo la vibanio. Mlezi akitandaza nepi kwenye kamba, yeye anampa kibanio. Akichelewa, anaitwa "bosi" na kuulizwa kama leo amegoma. Anacheka na kamasi zake.

Majirani wanamwita Mama Zogo, kwa sababu nyumba yake haijawahi kunyamaza tangu asubuhi hadi jioni. Kuna anayeimba, kuna anayegombania ndoo, kuna anayetaka kupelekwa chooni sasa hivi. Jina hilo yeye halimkeri. Kinachomkera ni kitu kingine, na ukimgusa hapo anaweka beseni chini kabisa ili aongee vizuri.

"Walikuja kununua kwangu watoto wa watu," anasema. "Hapahapa mlangoni, wamevaa mashati ya kupigwa pasi."

Zamani Mama Zogo alikuwa anapanga biskuti kwenye pakiti kiwandani. Alipojifungua binti yake wa kwanza, ambaye sasa ana miaka sita, hakupata wa kumwachia, akaacha kazi. Jirani mmoja akamwomba amshikie mtoto wake siku moja tu. Siku moja ikazaa nyingine, na wenzake wa jirani yule nao wakaleta wa kwao. Leo analea watoto wa wafagia barabara, walinzi, wapishi wa hotelini na wauza nguo, pamoja na wanawe wawili. Anachotozwa mzazi kwa siku hakifikii bei ya kopo moja la maziwa ya unga.

Ndani mwake hakuna televisheni. Ilikuwepo moja, ikaharibika, na mumewe, ambaye ni fundi bomba, akawa anaahidi kuipeleka kwa fundi. "Tukasahau kuipeleka," anasema mume huyo, akijikuna kisogo. "Baadaye nikagundua tunasahau kwa sababu tuna raha. Nikirudi nyumbani watoto wananirukia. Zamani nilikuwa narudi, wananiambia 'baba sogea, unatuziba.'"

Siku hizi jioni wanakaa kwenye mkeka. Binti anasimulia ya shuleni, nusu kweli nusu ametia chumvi. Kitinda mimba, mwenye miaka mitatu, anachukua kipande cha bomba kilicholetwa kutoka kazini, anakiweka mdomoni na kumpigia baba yake simu kutoka upande wa pili wa mkeka. Baba anapokea. Simu halisi inakaa juu ya kabati, na haishuki mpaka iite.

Haya ndiyo maisha ambayo wanaume wawili wa kampuni moja waliyakuta walipobisha hodi mwaka jana wakiwa na boksi kubwa.

Walikuwa na maneno matamu. Walisema kampuni yao inagawa televisheni bure kwa walezi wote wa mitaa ya kipato cha chini, ili watoto wajifunze herufi na hesabu. Umeme wangemsaidia kulipia. Sharti lilikuwa moja tu: televisheni iwashwe mtoto wa kwanza anapoingia, na isizimwe mpaka wa mwisho atakapochukuliwa.

Mama Zogo aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole juu ya kioo cha televisheni waliyoitoa kwenye boksi, kwenye tundu dogo jeusi.

"Hicho kijicho ni cha nini?"

Wakamwambia kinahesabu watazamaji tu.

"Watazamaji gani?"

"Watoto, mama."

Akawaonyesha aliyekuwa amempakata, wa miezi minane. "Huyu bado anajikojolea. Huyu naye mtazamaji?"

Mmoja akacheka, akamwambia asiogope maendeleo. Hapo, anasema, ndipo damu ilipomchemka. Aliwaomba wamwonyeshe hayo masomo. Wakawasha. Alihesabu herufi tano, kisha likaja tangazo la juisi ya kopo. Zikaja namba, likaja tena tangazo la juisi, safari hii na wimbo. Watoto wote uani waliacha walichokuwa wanafanya. Waliganda midomo wazi, hata kitinda mimba wake, ambaye hatulii akilishwa.

"Nilimwita kwa jina lake. Sauti yangu hii mnayoisikia. Hakugeuka. Nikawaambia wale vijana, fungeni boksi lenu mnitokee."

Walitoka. Hawakwenda mbali. Mtaa wa pili kuna mlezi mwingine, mjane mpole ambaye Mama Zogo amekuwa akiazimana naye masufuria kwa miaka. Yeye alipokea. Habari zikaenea haraka kwamba kwa mjane kuna televisheni kubwa na watoto wanasoma, na kwa Mama Zogo wanachezea vibanio. Wazazi wakaanza kuhama mmoja mmoja. Wengine walimuaga kwa heshima. Wengine hawakuaga kabisa, wakawa wanapita njia ya nyuma.

Mama mkwe wake alimwambia waziwazi kwamba anawanyima wajukuu zake dunia. Mumewe naye, kodi ya nyumba ilipomwelemea, aliuliza usiku mmoja kama hawangeweza kuichukua na kuiwasha kidogo tu.

"Nilimuuliza, kidogo ni kiasi gani, na wao wametaka siku nzima?" anakumbuka Mama Zogo. "Kesho yake akaanza kufanya vibarua vya Jumapili."

Kilichomuuma zaidi kilitoka serikalini. Ofisa wa ustawi wa jamii alipita kukagua nyumba za walezi. Alitazama choo, akatazama maji, akasifu. Kisha akauliza vifaa vya kujifunzia viko wapi. Akaonyeshwa ndoo, mipira ya matambara, mikebe, mchanga.

"Huna hata televisheni? Sasa watoto wanashinda wakifanya nini?"

"Wanashinda wakiwa watoto," Mama Zogo alimjibu kwa macho makavu.

Ofisa alimshauri ajifunze kwa mjane wa mtaa wa pili.

Miongoni mwa waliohamishwa alikuwamo binti wa mfanya usafi wa hospitali. Nyumbani kwao wanamwita Kasuku. Alianza kuongea mapema na akawa hanyamazi. Alikuwa akimuuliza kila mgeni jina lake, na maana ya jina hilo, na kama mgeni ana mama. Mama yake, mwanamke mwembamba anayeongea taratibu, anasema alimhamisha kwa mapenzi mema. "Mimi sikusoma. Nilipoambiwa kule wanafundishwa herufi, nikaona nitakuwa mama gani nikikataa."

Miezi ikapita. Kasuku akaanza kupunguza maneno. Mama alidhani anakua, anapata adabu. Kisha akaacha kugeuka akiitwa. Mama alidhani masikio, akampeleka kupimwa hospitali ileile anayoipiga deki. Masikio yalikuwa mazima. Chakula alikuwa hali mpaka awekewe simu mbele. Ikiondolewa, anajibamiza sakafuni.

"Siku moja nilichoka, nikakaa chini nikamwambia, mwanangu, sema mama. Sema tu mama, kama zamani." Mwanamke huyu anakunja pembe ya leso yake. "Akaniimbia wimbo wa juisi. Wote, mwanzo mpaka mwisho. Neno mama hakulisema."

Asubuhi ya pili alimbeba mpaka kwa Mama Zogo, akamweka uani, akasimama asijue aanzie wapi. Mama Zogo hakumsuta. Alimtazama mtoto, ambaye hakumtazama, akaingia ndani kuvaa viatu. Aliwaacha watoto na mama mkwe wake, na wanawake wale wawili wakaongozana hadi mtaa wa pili.

Walikwenda kugombana. Walimkuta mjane ameketi kizingitini, watoto zaidi ya ishirini nyuma yake, chumba kimya kama hakina watu. Mama Zogo anasema ukimya ule ulimtisha kuliko kilio chochote alichowahi kusikia.

Alimwambia, "Dada, zima hiyo."

Mjane akasema hawezi. Wakadhani ni kiburi. Ndipo akawaambia, "Nikizima wananipigia."

Hawakuamini, akainuka akazima. Watoto kadhaa walianza kupiga kelele, na haikuchukua muda simu ya mjane ikaita. Aliiweka sauti juu ili wasikie. Ilikuwa sauti ya kijana, yenye adabu sana. "Shikamoo mama. Tunaona skrini yako imezimika. Kuna tatizo la umeme?"

"Nilijua kuna jicho," anasema Mama Zogo. "Sikujua kuna mtu nyuma yake amekaa anaangalia watoto wetu, na kazi yake ni kuhakikisha hawainuki."

Mjane alilia. Alisema tangu mwezi wa kwanza alitaka kuirudisha, lakini kila akipiga anaahidiwa gari la kuja kuichukua, na gari haliji. Jumamosi ile gari halikungojwa. Wazazi waliitana, wakaiweka televisheni kwenye toroli ya muuza maji, wakaisukuma kwa zamu mpaka ofisi za kampuni. Mlinzi wa getini alikataa kuipokea. Mama Zogo akamuuliza kama ana watoto. Akasema anao. Akamuuliza wanashinda wapi.

Mlinzi alitazama kwenye toroli, kisha akafungua geti.

Gazeti hili liliitafuta kampuni hiyo. Msemaji wake alisema kwa simu kwamba wazazi hawakuuelewa mradi, na kwamba teknolojia ni haki ya kila mtoto bila kujali kipato. Alipoulizwa iwapo watoto wake wanashinda mbele ya skrini kama hiyo, alijibu kuwa hilo ni suala la faragha ya familia yake. Ofisi ya ustawi wa jamii ilisema hakuna kanuni iliyovunjwa. Mradi unaendelea katika mitaa mingine.

Wengi wa watoto wamerudi. Mjane naye amehamia hapa kikazi, wanalea pamoja, na yeye ndiye anayewabembeleza kulala mchana. Kasuku bado hajawa yule wa zamani. Kuna siku anakaa pembeni akitikisa kichwa kwa wimbo anaousikia peke yake. Wiki iliyopita, mgeni alipoingia, aliusogelea mlango, akamtazama usoni kwa muda mrefu, akaondoka bila kuuliza kitu. Mama yake alifurahi, akampigia mumewe simu kazini kumwambia kwamba mtoto ametazama mtu.

Mama Zogo anapanga yeye na mjane wapite nyumba kwa nyumba kwenye mitaa ambako skrini hizo zinawaka hadi leo. Hawaendi kuwalaumu walezi, anasema. Wanakwenda kuwaomba wazime kwa nusu saa tu, wazazi wakiwepo, halafu wasubiri simu iite.

"Mimi naweza kuwaeleza mchana kutwa, wataniona nina wivu," anasema, akiinua beseni lake. "Lakini mzazi akiisikia ile sauti kwa masikio yake, inamsalimia shikamoo huku inamuuliza kwa nini mwanawe ameacha kutazama, sitakuwa na la kuongeza. Toroli ataitafuta mwenyewe."