Ndizi za Mgomo

Katika mchezo wetu wa simu wa kujenga miji, shindano lililokuwa likitupa zawadi ya uwanja mzima wa mpira sasa lilitupa kibanda kimoja. Niliwauliza wenye mchezo sababu, hawakunijibu, nikagoma kucheza. Siku ya nne mwenzangu wa kikundi, mwanafunzi wa uashi katika chuo cha Sigalagala ambaye hatukuwahi kuonana naye ila kuandikiana mchezoni, aliulizia mpaka akafika chumbani kwangu mtaa wa Shirere, mjini Kakamega, amebeba ndizi.

“Kumbe uko mzima! Mji wako umelala, nikajua unaumwa.”

“Nimegoma. Zawadi zinapungua.”

“Goma tu, lakini ndizi za mgonjwa sirudi nazo.”

Tulizila tukiwasema wenye mchezo. Bado naamini wanatupunja. Lakini nilikuwa mgeni Kakamega, na ni yeye peke yake aliyegundua kwamba nimenyamaza. Namshukuru hadi leo.