Mtu Aliyemla Baba Yangu

Mama yangu hajawahi kumpiga hata kuku. Lakini siku alipomwona kibarua wangu mpya, aliingia jikoni akatoka na panga.

"Ngoan, mtoe huyu mtu hapa! Sasa hivi!"

Tuko Ca Mau, kusini kabisa mwa Vietnam. Nafuga kaa kwenye mabwawa ya maji chumvi.

Na kaa, jamani, ni viumbe wa kutisha. Mmoja akivua gamba anabaki laini kama tofu, na hapo hapo wenzake wanamvamia. Wanamtafuna mzima mzima, huku bado anarusha miguu.

Mzee Tam alikuja kuomba kazi msimu wa mvua. Nikampa ya kuwatenga kaa wanaokaribia kujivua gamba, kila mmoja kwenye kikapu chake. Aliifanya kimya kimya, kama mtu anayeuguza wagonjwa.

Kitu kimoja kilinishangaza. Hali nyama. Hata samaki hagusi. Wali na mboga, basi.

"Mzee, umekuwa mtawa wa Kibudha au nini?" nikamtania.

"Tumbo langu lilishamaliza fungu lake la nyama."

Hakucheka.

Ndipo Mama akarudi kutoka kwa dada yake, na panga likatoka.

"Uliniapia hutakanyaga hapa, Tam!"

Mzee akapiga magoti kwenye tope. "Dada, mimi mgonjwa. Sitafika mbali. Nataka tu kumchomea Luan ubani kabla sijafa."

Luan ni baba yangu. Nilichoambiwa ni kwamba alifia baharini kwa homa, tulipokimbia nchi baada ya vita, mimi bado mtoto mchanga. Injini ya mashua ilizima, tukaelea mpaka meli ikatuokota, na miaka baadaye tukarudi kwetu. Basi, hayo tu.

Damu ikanichemka. "Ulimfanya nini baba yangu?"

Akafunika uso kwa mikono.

"Mzee, nakuuliza! Ulimuua?"

"Sikumuua. Alipokufa..." Akamtazama Mama. "Alipokufa mle mashuani, nilimkata. Tukamla."

Nikamnyang'anya Mama panga.

"Kaa wanakulana kwa sababu hawana akili! Wewe kichwani ulikuwa na nini? Wewe ni mtu kweli?"

Hakujitetea. Aliinamisha tu shingo.

"Una haki, mwanangu."

Nikainua mkono. Naapa, niliinua.

"Ngoan, acha!" Mama akaanguka chini, akakaa kwenye tope lile lile. "Tam, mwambie basi. Mwambie nani alilishwa wa kwanza."

"Siwezi, dada."

"Nani?" nikauliza.

Mama ananitazama tu, machozi yanamtiririka.

"Maziwa yalikuwa yamenikauka," akasema. "Ulikuwa hata hulii tena. Baba yako alimshika Tam mkono, akamwambia, 'Nikienda, mtoto asinifuate.' Tam alikata huku analia. Mimi nikatafuna, nikakutia mdomoni."

Panga likaniponyoka. Nikatapika pale pale.

Kumbe Mama hakuwa anamchukia yule mzee. Alikuwa anaogopa nijue. Na mzee wa watu alikuwa tayari kukatwa kichwa kuliko kunitajia.

Nilipopata nguvu nikamwinua. Nikamwingiza ndani, mbele ya picha ya baba, nikamwashia ubani kwa mkono wangu. Alilia mpaka sauti ikakauka.

Alifariki kabla ya mwaka mpya, nyumbani kwangu. Hakuwa na mtoto. Kitambaa cheupe cha msiba, ambacho kwetu hufungwa na mtoto wa marehemu, nilikifunga mimi kichwani, na majirani wakauliza, "Kwani alikuwa nani yako?"

Nikawajibu, "Mzazi."

Wewe unayesoma hapa, ukisikia mtu alitenda jambo la kutisha, usikimbilie kumwita mnyama. Uliza kwanza nani yuko hai leo kwa sababu yake. Unaweza kukuta ni wewe.