Bolti Ndefu za Nyuma

Juzi tairi ilinipasukia Kasingirima. Kijana wa gereji alifungua bolti, akazimwaga chini, nami nikajikuta nimechuchumaa nazitenga, za mbele huku, za nyuma kule. Akacheka. "Mama, hizo zote sawa tu." Kwa kigari changu alikuwa sahihi. Lakini mazoea hayaachiki, na haya niliyapata utotoni Katubuka, kwenye lori alilokuwa akiendesha baba.

Miaka ile wakimbizi walishuka ufukweni Kibirizi kwa maboti, na masufuria kichwani, na baba ndiye aliyewapeleka kambini. Jioni alirudi akinuka dizeli, mimi nikinuka dagaa, maana kazi yangu ilikuwa kuanika dagaa wa bibi. Akifungua magurudumu, bolti nilishika mimi. Za mbele fupi, kwa sababu mbele kila upande una gurudumu moja. Hizo nilitia kwenye kopo la maziwa. Za nyuma ndefu, kwa sababu zinapita ringi za magurudumu mawili ndipo zishike. Hizo kwenye bakuli. "Fupi ukiifunga nyuma," baba alikuwa akisema, "inashika kwa ncha. Itakudanganya mpaka ufike mteremkoni." Nilijiona fundi mkubwa, wala sikuficha.

Uani kwetu aliishi mama mmoja Mrundi na binti yake, rika langu. Bibi aliwachukua Kibirizi siku ya mvua, wakae mpaka mtoto apone homa. Mtoto akapona, na hakuna aliyewaambia waondoke. Mimi na binti huyo tulilala mkeka mmoja. Alinisuka nywele, akanicheka nilipojaribu Kirundi chake. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Kisha ikaja amri kwamba wakimbizi wote waende kambini, na lori la kuwachukua lilikuwa la baba.

Asubuhi ya safari magurudumu ya nyuma ya upande mmoja yalikuwa yamefunguliwa yazibwe pancha, na baba akaitwa ofisini kutia saini. Nilichukua bakuli, nikazizika bolti ndani ya gunia la dagaa. Akili ya mtoto: lori lisilo na magurudumu haliendi popote.

Sikumfikiria jirani yetu, fundi baiskeli. Baba alikuwa amemwomba ayarudishe magurudumu. Yeye aliona kopo la bolti za mbele za akiba, akazifunga hizo. Zikaingia. "Zimeshika," akasema, akijifuta mikono kwa kanga kuukuu.

Rafiki yangu alikuwa ameshapanda na mama yake. Alikaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu yale yale, akanipungia. Nikinyamaza, atashuka milima ya njia ya Kasulu kwa bolti zilizoshika kwa ncha tu. Nikisema, ataondoka vilevile. Baba akarudi, akapanda, akawasha. Nikauparamia mlango wake.

"Baba, za nyuma ninazo mimi."

Hakunipiga. Alizima injini, akazitazama bolti nilizozitoa guniani, zimejaa magamba ya dagaa, akamtazama rafiki yangu kule juu. "Umezificha wewe, utazikaza wewe," akasema kwa upole, akazifungua zile fupi, akachomeka bomba kwenye spana ili tupate nguvu. Nikapanda juu ya bomba, halikusogea. Nilikuwa mwepesi mno. Basi rafiki yangu akashuka bila kuitwa, akasimama kwenye bomba pamoja nami, tukashikana mabega na kurukaruka mpaka chuma kikalia. Bolti moja baada ya nyingine, tukicheka na kulia. Ya mwisho nilitamani isikaze.

Mama yake akamwambia bibi, "Urakoze, mama," akimshukuru kwa mikono miwili. Rafiki yangu akaniambia, "Nagasaga," ndivyo wanavyoagana kwao, akapanda tena, na lori likaondoka.

Sikumwona tena. Bibi hayupo, lori liliuzwa kama chuma chakavu, na pale uani kuna nyumba ya wapangaji nisiowajua. Sijui kama alirudi kwao au maisha yalimtupa mbali zaidi. Watu wazima walikuwa wamemsukuma safari nyingi, asiulizwe hata moja. Ile ya lori la baba sikuweza kuizuia, lakini alifika salama.