Nafasi ya Baba Pangoni

Ukiuliza Voi ilianza lini, watakuonyesha reli. Kijiji chetu, chini ya mlima Kasigau, hakikuwa na reli wala daftari. Historia yetu ilikaa pangoni, imepangwa mstari: mafuvu ya wazee wa ukoo. La kwanza lilikuwa la yule aliyefyeka pori akajenga nyumba ya kwanza. Likafuata la mwanawe, kisha la mjukuu. Mtu akifa alizikwa, na baada ya mwaka au zaidi fuvu lake lilifukuliwa, likapelekwa kwa wenzake. Asiyefika pangoni alikuwa kama hakuzaliwa kwetu. Wamisionari walituita washenzi kwa ajili hiyo, nami bado sijawasamehe.

Kisha vikaja vita vya wazungu. Serikali ilidai tuliwaonyesha Wajerumani njia, ikatuswaga kijiji kizima hadi pwani. Huko homa ilituua ovyo. Baba alikufa mvua za kwanza, akazikwa mchangani, na mdogo wake akamwekea jiwe la matumbawe kichwani ili asimpoteze.

Vita vilipokwisha tulirudishwa bara, lakini si mlimani kwetu. Mama hakulilia shamba. Alitaka baba afike pangoni, basi. Alimsumbua baba mdogo mpaka akashika njia ya pwani tena. Huko akakuta kila kaburi lina jiwe kama lile. Kila aliyezika alikuwa amewaza kama yeye. Akakisia, akachimba.

Alirudi na kikapu. Mama akafunua kitambaa. Baba alipoteza jino la mbele la juu ujanani, alipoanguka akirina asali, na sisi watoto tulizoea kumcheka akijaribu kupiga mluzi. Fuvu lile lilikuwa na meno yote ya juu, yamechongwa vizuri kama ya wanaume wote wa kwetu. Nililiona hilo, nikaona na mama ameliona.

Baba mdogo akauliza kama kuna neno. Mama akalifunika taratibu.

"Mpeleke," akasema. "Huyu naye ni wetu. Hatujui tu ni wa nyumba gani."

Likawekwa pangoni, mwisho wa mstari, kwa jina la baba. Tangu siku hiyo mama hakuweza kumtazama usoni mjane yeyote tuliyerudi naye kutoka pwani, kana kwamba amemwibia mume.