Kadi ya Kogo

Kituo chetu cha majani chai hapa Kimulot kina benchi moja ndefu. Hapo, tukingoja lori, ndipo nilipowaeleza majirani ushirikiano wa utafiti ni nini. Watafiti wa chuo kimoja na wenzao wa ng'ambo walitaka kujua kwa nini kisukari kinaongezeka mashambani, na mimi, mhudumu wa afya wa kijiji, niliombwa nizungumze na watu.

"Wao wanaleta vipimo," nilisema, "sisi tunatoa damu, halafu kila mtu anarudishiwa majibu yake."

"Na wasiporudi?" aliuliza kogo, nyanya wa boma la jirani. Kidonda cha mguu wake kilikuwa kimekataa kupona tangu tuvune mahindi.

"Watarudi, kogo. Mimi niko hapa."

"Wewe najua uko hapa. Utaenda wapi?"

Benchi yote ikacheka.

Vidole vya mchuma chai ni vigumu kama soli. Siku ya vipimo watafiti walimchoma kogo kidole mara mbili, damu ikakataa. Nikawaonyesha: mpe kikombe cha chai moto akishike kwa mikono miwili mpaka vidole vilegee, kisha mchome ubavuni mwa kidole, sio kwenye ncha. Wakaandika. Mmoja akapiga picha. Matone yakaingia kwenye kadi ya kupelekwa maabara, ambayo ingeonyesha sukari yake ya miezi iliyopita.

Mwezi wa kwanza baada ya vipimo nilimwambia avumilie, maabara huchukua muda, na hilo ni kweli. Mwezi wa pili nikamweleza tena. Zahanati ilikuwa karibu, lakini yeye alisema kadi yake iko maabara, apimwe mara mbili ya nini? Sikumpinga.

Mwezi wa tano nikampigia simu mratibu wa utafiti.

"Mradi tuliufunga kitambo," alisema.

"Na majibu ya watu?"

"Yale yalikuwa ya utafiti, sio ya mtu mmoja mmoja. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa. Kisha, kama zawadi, akanitumia ukurasa walioonyesha kwenye mkutano wao: mikono ya kogo imezunguka kikombe, na chini yake shukrani kwa washirika.

Kesho yake nilimkuta kogo kwenye benchi, mguu ameuweka juu ya gunia. Nilimweleza yote mbele ya watu, maana mbele ya watu ndipo nilipoahidi.

"Kwa hivyo wao wanaijua sukari yangu," alisema, "na mimi siijui."

"Ndiyo, kogo. Na mimi ndiye niliyekuambia ungoje."

Safari hii hakuna aliyecheka. Nilimwomba twende zahanati. Akainuka bila kunishika mkono.

Muuguzi alipofungua kitambaa cha kidonda akaanza kuandika barua ya kumpeleka hospitali. Ilibaki kupima sukari. Alimchoma mara moja. Mara mbili. Hakuna kitu.

Kogo akanitazama kwa mara ya kwanza tangu tutoke kituoni.

"Si wewe ndiye unajua? Lete chai."

Nilikimbia hadi hotelini nikarudi na kikombe cha moto, bila sukari. Alikishika kwa mikono miwili, akangoja. Nikanyoosha mkono nimsaidie. Kidole akampa muuguzi.