Chachu Iliyoingia Tangini

Mwaka ule wa 1985 Nella Bacigalupi hakutulia. Alikula akiwa amesimama, kanisani alitoka kabla ya baraka, na mezani macho yake hayakubanduka kwenye mikono ya binti yake, Renata, kuangalia kama kijiko kinatetemeka.

Alikuwa na sababu, na anayemcheka hajalea. Renata alikuwa na miaka kumi na mmoja na kimo cha mtoto wa miaka saba. Tangu utotoni alidungwa homoni ya kukua iliyokamuliwa kutoka tezi za maiti, maana kwingine haikupatikana. Aprili ile zikaja habari kwamba vijana kadhaa waliodungwa dawa hiyo wamekufa kwa ugonjwa wa ubongo, ugonjwa unaoanza kwa kuyumba na kutetemeka, na unaoweza kujificha miaka na miaka. Sindano zikasimamishwa. Daktari akamwambia Nella awe anamwangalia mtoto. Amwangalie mpaka lini? Daktari hakujua.

Tumaini lake lilikuwa kazini. Alihudumia matangi katika kampuni moja changa ya South San Francisco, miongoni mwa zile za mwanzo kuwafundisha bakteria kutengeneza dawa za binadamu. Bakteria wake walitengeneza homoni ileile, bila maiti na bila ugonjwa wa maiti. Dawa ilisubiri kibali cha serikali, na matangi yalijaza akiba ili kibali kikitoka watoto wasisubiri tena. Mkuu wa matangi, Duane Kessler, alikuwa ametoka kiwanda cha bia, na hakuchoka kusema kazi ni ileile ila hii hainyweki.

Sharti lake lilikuwa moja: anayegusa matangi haoki mkate nyumbani wala hapiki pombe, kwa sababu hamira hushika nguoni na mikononi, na ikiingia tangini ni balaa. Nella alikubali bila wasiwasi. Yeye hakuoka. Aliyeoka ni mama yake, Assunta, kwa chachu ambayo wazee wake walivuka nayo bahari kutoka Genova. Ila vidole vya Assunta vilikuwa vimekakamaa kwa baridi yabisi, hivyo kila asubuhi Nella ndiye aliyeilisha chachu unga na maji, akaikoroga, akanawa, akaenda zake kazini. Hamira kwake ilikuwa ile ya paketi. Chachu ya mama ilikuwa mtu wa nyumbani.

Mwezi wa Juni tangi likaharibika. Kessler alipochungulia hadubini aliona, katikati ya vijiti vidogo vya bakteria, madonge ya mviringo. Hamira. Wakalimwaga lote. Kabla ya mwezi kwisha likaharibika jingine, na Kessler akawauliza wote nani anaoka. Wote walikana, na Nella akakana nao. Kisha, akifunga bomba, alinusa mkono wake, akasikia harufu ya jikoni kwa mama.

Siku zilizofuata alikuwa kama aliyekalia siafu. Akisema, atafukuzwa. Akinyamaza, dawa itaendelea kumwagwa, na mifupa ya Renata haingoji mtu. Ikishakomaa, hakuna sindano ya kuirefusha.

"Wewe Nella," Kessler alimwambia, "mbona unazungukazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga?"

"Ni mimi, bosi. Nyumbani tuna chachu. Mimi ndiye ninayeilisha."

Kessler alivua miwani, akaipangusa muda mrefu.

"Na mtoto wako anaisubiri dawa hiihii."

"Ndiyo."

"Basi sina adhabu ya kuongeza hapo. Chachu itoke leo. Na matangi usiyaguse mpaka nikwambie."

Assunta aliposikia aling'aka. Alisema yeye amezaliwa akaikuta chachu ile, na afadhali atoke yeye. Nella akapendekeza wampe jirani, Ines. Assunta akajibu kwamba Ines ameua hata mrehani wa dirishani. Kisha akamtazama mjukuu wake, ambaye miguu yake ilining'inia kitini bila kugusa sakafu.

"Haya, apewe," alisema. "Miaka yote tumeilisha, na haijamrefusha mtu hata kidole."

Renata alitaka kuibeba mwenyewe. Bakuli lilikuwa limejaa mpaka ukingoni, na barabara yao ni mteremko mtupu. Nella alimfuata nyuma.

"Mama, mbona unanifuata kama polisi? Unadhani nitaimwaga?"

 Nella chachu hata hakuiona. Alikuwa akitazama ile mikono. Ilifika mlangoni kwa Ines bila kumwaga tone, na Nella akakaa kwenye ngazi za watu akalia.

Matangi yakatakata, kibali kikatoka Oktoba, Renata akaanza sindano mpya. Leo ni mwanamke mzima, kampita mama yake kimo. Akija kumtembelea, Nella humwekea kahawa, akaijaza mpaka ukingoni mwa kikombe, halafu huketi mbele yake, akatazama.