Kipindi Kisicho na Msimulizi

Shangazi yangu alipiga picha za harusi kwa miaka kumi na tisa, na watu wakamzoea kwa jina la Bi Kamera mpaka jina lake la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu. Ni dada mkubwa wa baba yangu. Baba ni kiziwi tangu utotoni, na kazi yake ni ufundi wa pikipiki: huweka kiganja juu ya tangi injini ikinguruma, kisha hukuonyesha kwa vidole ugonjwa ulipo.

Siku moja walikuwa wote karakanani, televisheni ikaonyesha habari za viziwi. Kiziwi mmoja alionekana kidogo tu, mikono yake imekatwa na ukingo wa skrini, huku mwanamume mwingine akimsemea kwa sauti ya huruma. Baba akamuuliza dada yake yule kiziwi mwenzake anasema nini. Shangazi akamwonyesha ukingo wa skrini. Mikono haikuonekana.

Basi akaacha harusi. Kwa miezi saba aliwafuata na kamera ya video mafundi sita viziwi, baba akiwa mmojawapo: mikono yao inaonekana yote, maneno yao yameandikwa chini ya skrini, na kinachosikika ni mlio wa kazi yenyewe. Kazi nzima, vipindi sita, kimoja kwa kila fundi, haina msimulizi.

Aliipeleka kwenye kituo cha televisheni cha umma, kile kinachoendeshwa kwa kodi zetu. Mara ya kwanza aliacha kazi nzima mapokezi, ikaishia kwenye droo. Mhariri mmoja mstaafu ndiye aliyemfungua macho: peleka ukurasa mmoja wa maelezo, kionjo cha dakika tatu, na barua za idhini za uliowapiga picha, na kabla ya yote, kaa ukitazame kituo chenyewe ujue kipindi chako kitaingia wapi. Shangazi alikitazama wiki tatu, daftari mapajani, akilalamika kwamba kazi yao ni kuweka watu wanne kwenye makochi wakubaliane.

Safari hii msimamizi wa vipindi alimwita. Alisifu picha, akasifu mafundi, halafu akataka iongezwe sauti ya msimulizi, tena sauti inayojulikana, la sivyo watu watadhani televisheni zao zimeharibika.

"Hawa wamesemewa tangu wazaliwe," shangazi akamwambia. "Kwenye kipindi changu hawasemewi."

Msimamizi akafunga jalada. Nyumbani, mumewe alimsihi akubali kwanza, mengine yatafuata. Mama yangu naye alimwona ana kichwa kigumu. Baba alielezwa habari yote kwa mikono, akajibu kwa mikono: "Wakitia sauti, nitoe mimi."

Shangazi akarudi kusoma mwongozo wa kituo, uliobandikwa ukutani kwao wenyewe karibu na ngazi. Uliruhusu mtayarishaji wa kujitegemea aliyekataliwa kuomba kusikilizwa na kamati ya vipindi. Akaandika barua, haikujibiwa. Akaandika ya pili, kisha akaanza kwenda kukaa kwenye benchi la mapokezi kila Jumanne. Jumanne ya tatu wakampa robo saa.

Aliingia na baba, aliyevaa shati la sherehe, kucha zina oili isiyotoka. Watu saba walikuwa mezani. Baba aliegemeza mkono ukutani kidogo, akasimama wima, akaanza kuzungumza kwa alama. Shangazi alikaa, hakutafsiri. Wanakamati wakamtazama yeye, wakamtazama baba, wakaanza kuchezea kalamu.

"Mama, tutafsirie basi," msimamizi akasema.

"Nitatafsiri. Nilitaka kwanza mjue dakika mbili bila kuelewa zina urefu gani."

Kisha akawaeleza: fundi alikuwa akiwaambia kwamba kiyoyozi chao kina beringi iliyochoka, ameihisi ukutani, na wasipoibadilisha kitawazimikia. Mzee mmoja akacheka, akakiri kwamba wamekuwa wakibishana juu ya mlio ule tangu mwaka uliopita. Ndipo wakatazama kionjo, na safari hii hakuna aliyegusa kalamu.

Jibu lilikuja: vipindi vinne badala ya sita, Jumatano saa nane mchana, bila msimulizi. Lakini mkataba uliwapa haki zote za kazi ile milele. Shangazi alikikata kifungu hicho kwa mstari, akaandika pembeni kwamba wataonyesha mara mbili ndani ya miaka miwili, basi. Msimamizi alimwambia hakuna mtu anayechorachora mkataba wao. Akajibu kwamba hana haraka. Ilipita miezi miwili. Wakatia sahihi palipochorwa.

Baada ya kipindi cha kwanza watazamaji kadhaa walipiga simu kulalamika kwamba hakuna anayezungumza. Msimamizi akataka kipindi cha pili kianze na maneno ya kuomba radhi. Shangazi alimwandikia maneno, nayo yakarushwa hivyo hivyo, herufi nyeupe skrini nzima: "Wanazungumza. Tazama mikono."

Vile viwili walivyovikata amevipeleka tena mwezi huu, na ukurasa mmoja wa maelezo. Mahali pa jina la msimulizi ameandika: hakuna.